SAA YA CHAKULA NA SUFURIA YA MFANYA KAZI



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mishahara, za nyumba, za masaa ya ziada, na za watu walioachishwa kazi bila sababu. Leo twataka kusema habari ya chakula. Wapo watakaocheka, na wapo watakaouliza, Je, Chama kimeishiwa na maneno hata kinaingia katika sufuria za watu? Twawajibu hivi. Mfanya kazi hana duka wala nyumba za kupangisha. Anachouza ni nguvu za mwili wake, siku kwa siku, na nguvu hizo zatoka katika sahani. Sahani ikiwa mbaya, mwili utakwisha kabla ya mkataba, na hakuna mwakilishi awezaye kwenda kwa tajiri kudai mwili mpya.

Tena jambo lenyewe si la sahani tu, ni la saa. Hilo tutalifikia.

Mtazameni mzazi mmoja anayekaa Kaptembwo au Rhonda na kufanya kazi katika kiwanda cha Nakuru mjini, au anayekaa Karagita na kukata maua katika mashamba ya kando ya Ziwa Naivasha. Hatumtaji jina, maana wako wengi na kila mmoja wenu anamjua. Huamka saa kumi na nusu, kungali giza. Huwasha jiko, huchemsha chai, huwatayarisha watoto wa shule, humpeleka mdogo kwa mama anayetunza watoto wa jirani, kisha hukimbilia gari au huenda kwa miguu. Tumboni ana chai ya sukari nyingi na mandazi mawili. Saa saba mchana hupewa nusu saa. Katika nusu saa hiyo kuna kuvua aproni, kuna kunawa mikono, kuna foleni ya kibanda kilicho nje ya lango. Zikibaki dakika kumi na mbili za kutia chakula kinywani, ana bahati. Jioni hushuka garini saa moja, miguu imevimba, watoto wanamngoja na njaa yao, makaa ni ghali, na maharagwe yataka masaa matatu motoni. Pale pale kituoni chipsi zinakaangwa na smoki zinapasuliwa. Atanunua nini? Nasi twasema wazi kwamba hatumlaumu.

Lakini matokeo yake yaonekana. Uchunguzi wa afya ya watu uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake kumi wa Kenya walio katika umri wa kuzaa, zaidi ya wanne wana uzito kupita kiasi kinachofaa. Mwaka 2014 walikuwa kama mmoja katika kila watatu. Wanaume hawakufika huko, lakini wanafuata. Zamani watu walidhani kitambi ni alama ya mtu aliyefanikiwa, na hata leo mtu akirudi nyumbani mnono wazee humsifu ya kwamba mji umempenda. Twajua sasa kwamba uzito huo huja na ugonjwa wa sukari, na presha, na magoti yanayokataa kusimama masaa manane mbele ya meza ya kufungia maua. Na ajabu ni kwamba mtu huyo huyo mwenye uzito mwingi yu na njaa kila wakati. Saa nne njaa, saa kumi njaa, usiku njaa. Watu wasiojua humwita mlafi. Si ulafi, ni namna ya chakula chenyewe.

Tueleze kidogo. Nguvu iliyomo ndani ya chakula hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori, kama vile makaa yapimwavyo kwa mkebe. Mwanamke mzima asiyefanya kazi ya sulubu huhitaji kalori karibu 2000 kwa siku, mwanamume karibu 2500, na mpakia magunia huhitaji zaidi ya hapo. Zikiingia nyingi kuliko zinazotumika, mwili huziweka akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta. Hapo watu wengi hukoma na kusema, Basi, kula kidogo. Huo ni ushauri wa mtu aliyekaa kitini. Mfanya kazi aliyepunguza chakula nusu hatamaliza zamu, na jioni atalipiza kisasi juu ya mkate mzima. Dawa ni kula chakula kinachojaza tumbo na kukaa, nacho kisiwe na kalori nyingi. Chakula cha namna hiyo kipo, tena kinaota hapa hapa kwetu.

Tuanze na viazi, maana habari yao hudharauliwa. Mwaka 1995 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney katika Australia walifanya jaribio. Walichukua vyakula 38, wakapima kila kimoja kiwe na kalori sawasawa, 240 hivi, wakawapa watu wale, kisha wakawauliza kwa muda wa masaa mawili, kila robo saa, Je, mna njaa? Mkate mweupe waliuwekea alama 100, na vingine wakavipima kwa huo. Kitu kilichoshiba kuliko vyote 38 kilikuwa viazi vya kuchemsha. Alama zake zilikuwa 323. Mkate wa Kifaransa wenye siagi, ule wa mahotelini, ulipata 47 tu. Maana yake, kwa kalori zile zile, kiazi kilichochemshwa hushibisha karibu mara saba kuliko mkate ule wa matajiri.

Na sisi tunakaa wapi? Tunakaa chini ya Molo, Elburgon, Kuresoi na Mau Narok, mahali panapolisha miji mingi ya nchi hii kwa viazi. Malori yanapita mbele ya macho yetu. Lakini kiazi kinafika Nakuru na kutumbukizwa katika mafuta yanayochemka. Gramu 200 za viazi vya kuchemsha hazifiki kalori 180. Gramu 200 za chipsi hufika 600. Kiazi ni kile kile, mkulima ni yule yule. Kilichoongezeka ni mafuta, nayo hayakai tumboni kama viazi. Ndiyo sababu mtu amaliza sahani ya chipsi saa moja jioni na saa nne usiku anatafuta mkate.

Hatusemi mtu asile chipsi mpaka afe. Siku ya mshahara watoto hufurahi, na furaha yao ni haki. Twasema kwamba chakula cha sikukuu kimekuwa chakula cha Jumanne.

Mafuta hayo hayo yametuvamia hata katika mboga. Tazameni sufuria ya sukuma wiki. Nusu kilo ya sukuma wiki yenyewe haizidi kalori 200 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120. Mpishi wa nyumbani, na zaidi mpishi wa kibanda anayetaka mboga zing'ae, hutia vijiko vinne bila kupima, akimimina tu kutoka mtungini. Hapo mafuta yamezidi mboga zaidi ya mara mbili, na mlaji anadhani amekula majani. Kijiko kimoja chatosha kwa sufuria ya familia ikiwa kitunguu na nyanya vimeiva vizuri kwanza na mboga zimetiwa mwisho. Anayefikiri haiwezekani ajaribu wiki moja. Wiki ya kwanza ulimi utalalamika, tusidanganyane.

Na chai. Hapa tunagusa kitu kitakatifu cha mfanya kazi wa Kenya, kwa hiyo tutasema kwa adabu. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni vijiko tisa, yaani gramu 36. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja katika kumi ya kalori za siku, nayo kwa mtu wa kalori 2000 ni gramu 50, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Ukiongeza chupa ndogo ya soda wakati wa mchana umekwisha kupita mpaka, na bado hujala kitu. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili. Baada ya miezi miwili chai ya zamani utaiona kama uji wa mtoto. Soda wekeni maji mahali pake. (Habari ya maji ya Bonde la Ufa na meno ya watoto wetu yanayogeuka kahawia ni kubwa, nayo yataka kurasa zake peke yake.)

Sasa tuje kwenye maharagwe, au madondo kama vijana wasemavyo. Kikombe cha madondo yaliyoiva kina nguvu ya kujenga mwili karibu na ile ya nyama, kina makapi yanayokaa tumboni, na bei yake haifanani na ya nyama hata kidogo. Githeri iliyo na maharagwe mengi kuliko mahindi, ikatiwa kabeji au karoti, ni chakula cha mchana ambacho mwenye kukila saa saba hatafuti kitu saa kumi. Lakini wengi hupika githeri ya mahindi tele na punje za maharagwe za kuhesabu. Geuzeni kipimo.

Tatizo la maharagwe ni moto na saa. Na hapa kwetu kuna sababu ambayo watu wa pwani hawaijui. Nakuru iko juu ya bahari kwa meta 1,850 hivi. Maji yakichemka Mombasa hufika digrii 100, lakini Nakuru huchemka yakiwa digrii 94 tu, na Molo ni chini ya hapo, kama 92. Maji yanatokota kweli, lakini moto wake ni mdogo, kwa hiyo maharagwe huchelewa. Mama anayelaumiwa kwa makaa mengi hana kosa, kosa ni la mlima.

Basi fanyeni hivi. Usiku kabla ya kulala, loweka maharagwe katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale. Jioni chemsha kwa moto mkali nusu saa nzima bila kupunguza, maana maharagwe mekundu yakipikwa kwa moto hafifu tu yana sumu inayoharibu tumbo. Baada ya nusu saa hiyo, sufuria ikiwa ingali yatokota na mfuniko umekaza, itie ndani ya kikapu kikubwa kilichozungushiwa blanketi kuukuu au nyasi kavu pande zote, na juu weka mto. Kikapu hicho akina mama wengi wa vijijini wanakijua, walifundishwa na maafisa wa kilimo. Moto uliomo ndani hautoki, na chakula huendelea kuiva kikiwa peke yake. Ukiweka saa mbili usiku, saa nne utakuta kimelainika, au kimebakiza kidogo tu. Kisha kirudishwe motoni kitokote tena kabla ya kuliwa. Makaa yaliyotumika ni ya nusu saa na kidogo. Asiyeweza hata hayo apike ndengu au kamande, ambazo hazihitaji kulowekwa na huiva upesi. Mwenye sufuria ya mvuke, ile ya kufunga kwa nguvu, amebarikiwa. Wanachama wanne au watano wanaokaa ploti moja waweza kuinunua kwa kuchanga, kama tunavyochangiana katika mambo mengine.

Jambo moja la hadhari. Asiye na friji asipike maharagwe ya wiki nzima siku ya Jumapili, hata kama usiku wa Nakuru ni baridi. Pika jioni ya leo, kula, na cha kesho mchana kichemshwe tena asubuhi kabla ya kutiwa mkebeni.

Na mboga za kienyeji: managu, terere, saga, kunde. Pale soko la Wakulima zimejaa. Kuna vijana wanaoziona kuwa ni chakula cha nyanya zao. Hao nyanya walibeba kuni mpaka uzeeni. Mboga hizi zikijaa nusu ya sahani, ugali wenyewe hujipunguza bila mtu kulazimishwa. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi, na wako wanaume wanaokula ugali wa gramu 300 wakati mmoja na mchuzi kidogo. Kwa anayebeba magunia hilo halina neno, mwili wake utaiteketeza yote. Kwa anayekaa mbele ya mashine au nyuma ya usukani siku nzima, ugali huo hauendi popote isipokuwa kiunoni. Apunguze theluthi moja, mahali pake atie madondo na managu, na juu yake kipande cha samaki au omena. Atainuka mezani ameshiba vile vile.

Hapa tuseme neno kwa nguvu, lisije likaeleweka vibaya. Maneno haya ya kupunguza kalori ni kwa watu wazima wenye uzito uliozidi. Mtoto mdogo hapunguziwi mafuta wala uji. Tumbo lake ni dogo naye anakua. Mama anayenyonyesha ahitaji chakula zaidi. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia dawa asibadilishe kula kwake kabla ya kusema na mganga wa hospitali. Na ndugu yetu kibarua aliye mwembamba kwa sababu hana cha kula, huyo hahitaji makala hii, ahitaji nyongeza ya mshahara, nasi hatujasahau.

Tena akina baba. Katika nyumba ambayo wote wawili wanatoka asubuhi na kurudi jioni, mmoja akienda moja kwa moja jikoni na mwingine akienda moja kwa moja kwenye redio, hakuna ushauri wa chakula utakaofanya kazi. Kuloweka maharagwe hakuhitaji ujuzi wala nguvu za kike. Tumesikia wanachama wakisema mkutanoni kwa sauti kubwa juu ya usawa wa malipo, nasi tulipiga makofi. Tungependa kusikia pia ni nani aliyeosha sufuria.

Sasa tumefika kwenye saa. Yote tuliyoyasema juu ni kazi bure kama mchana mtu anapewa nusu saa ya jina tu. Tumbo likijaa, habari huchelewa kufika kichwani, huchukua kama dakika ishirini. Anayekula kwa dakika kumi huwa amekwisha kupita kiasi kabla ya kujijua, au huwa amekula kitu kidogo kitamu ili awahi. Na mkebe wa githeri uliopikwa kwa taabu usiku haufai kitu ikiwa hakuna mahali pa kuupasha moto. Tunajua mahali pamoja, hatupataji, ambapo watu hula wakiwa wamechuchumaa nyuma ya ghala la mbolea kwa kuwa hakuna kivuli kingine. Chakula cha hapo ni mandazi na soda, maana ndicho chakula kisichotaka meza, wala kijiko, wala moto. Watu wanasema wafanya kazi hawajui kuchagua chakula. Kiwanja chenyewe kiliwachagulia.

Si mara ya kwanza katika Bonde la Ufa kwa sahani ya mfanya kazi kupangwa na mtu mwingine. Wakati wa walowezi, posho katika mashamba ya huku ilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, na chumvi, na pengine maharagwe kidogo, kana kwamba mtu ni injini inayotiwa makaa. Mshahara nao ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ndiyo iliyokubali, baada ya makelele mengi, kwamba mshahara ufikirie mtu na jamaa yake. Hesabu ya saa, hata hivyo, imebaki ya bachela. Zamu nyingi zimepangwa kana kwamba kila mfanya kazi ana mtu nyumbani anayempikia, na kwamba mtoto hanyonyi wala haugui.

Sheria zetu zasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Kifungu cha 33 chasema kwamba pale ambapo kutoa chakula kumekubaliwa waziwazi katika mapatano ya kazi, mwajiri lazima ahakikishe mfanya kazi amelishwa vyema, pamoja na vyombo na njia ya kupikia, kwa gharama ya mwajiri. Angalieni maneno hayo, pale ambapo kumekubaliwa. Kisipoandikwa katika mapatano, hakuna haki ya kudai. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea, na mama anyonyeshaye apewe nafasi mbali na saa ya kawaida ya chakula, hata kufika saa moja kwa kila masaa manane ya kazi. Wangapi kati yenu mmekiona chumba hicho? Nalo Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha pendekezo namba 102 mwaka 1956 juu ya mambo ya ustawi wa wafanya kazi, likataja mahali pa kulia chakula, mahali pa kupumzikia na usafiri. Pendekezo halimfungi mtu kama sheria, lakini lawaonyesha wale wasemao kwamba tunadai anasa mpya kwamba jambo hili lina umri kuliko wengi wetu.

Kwa maoni yetu, basi, jambo la saa ya chakula liingizwe katika mapatano yajayo, wala lisiwekwe mwishoni mwa karatasi ambapo hufutwa ili kupata nyongeza ya shilingi chache. Tungetaka saa nzima, na pale zamu isiporuhusu, dakika arobaini na tano zinazoanza kuhesabiwa mtu akiwa amekwisha kunawa mikono. Tungetaka paa, meza, maji na jiko la kupashia mikebe. Tungetaka pia wale akina mama wa vibanda, wanaopika jua kali nje ya lango, wapewe nafasi ndani, kwa sharti moja ambalo wengi wao watalikubali kwa furaha: kila siku pawe na madondo, mboga za majani na viazi vya kuchemsha, na bei iandikwe ubaoni. Hilo halimgharimu mwajiri chakula hata kimoja. Akitaka kutoa chakula mwenyewe, vizuri zaidi, lakini kiandikwe ni chakula gani, maana ugali mkavu na maji ya kabeji pia huitwa chakula.

Waajiri watasema nusu saa moja ya watu mia tano ni masaa mia mbili na hamsini ya kazi. Hesabu yao ni sawa. Wahesabu pia siku za magonjwa, vidole vinavyokatwa na makasi saa kumi alasiri wakati sukari ya asubuhi imekwisha mwilini na macho yanafumba, na mabinti wanaofundishwa kazi miezi mitatu kisha mgongo na presha vinawaondoa. Hatuwaombi huruma, twawaomba wapige hesabu yote.

Wengine wa kwetu wenyewe nao watapinga. Watasema, na tumewasikia, afadhali chakula kifupi tutoke mapema nusu saa, maana watoto wanangoja. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa wanaosafiri mbali, kwa mfano wanaotoka Njoro au Bahati. Hatuwezi kuwaambia kwamba wamekosea. Pengine mahali pamoja yafaa saa nzima, na pengine yafaa kutoka mapema na jiko la kupashia liwepo. Lakini iwe imechaguliwa na wafanya kazi katika mkutano, wala si msimamizi aliyebandika karatasi ukutani. Na msimu wa maua ya mwezi wa Februari, masaa ya ziada yanapozidi na watu wanalala masaa manne, dakika za chakula zisiguswe hata kidogo, maana mtu asiyelala vizuri huona njaa zaidi, na wakati huo ndipo wengi hupata uzito ambao mwaka mzima hautoki.

Wawakilishi wa kila idara wanaombwa wafanye kazi moja kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Kwa siku tatu mfululizo, chukueni saa na kalamu. Andikeni honi ililia saa ngapi, mtu wa kwanza alianza kula saa ngapi, mtu wa mwisho katika foleni alianza saa ngapi, na wote waliitwa kurudi saa ngapi. Andikeni pia kilicholiwa, kwa ufupi tu: githeri, chipsi, mandazi, hakula. Msiandike majina ya watu. Karatasi ziletwe kwa katibu wa tawi, na asiyejua kuandika amwambie jirani amwandikie. Na yule mama wa idara ya kufungia maua aliyetuambia ana kikapu kilichopika njahi kuanzia saa mbili usiku mpaka asubuhi zikiwa laini, tafadhali akilete mkutanoni, kikiwa na sufuria yake.